MWALIMU ANAPORUDI KUWA MWANAFUNZI

Hotuba iliyosomwa kwa jina la walimu wa shule ya msingi, siku ya sherehe za jubile ya parokia

Halmashauri ya jubile imetuomba sisi walimu tuseme neno juu ya shule. Twashukuru sana kwa heshima hiyo. Waliotutangulia kusema wamehesabu makanisa yaliyojengwa, ubatizo, ndoa na miito mitakatifu. Sisi hatukuleta hesabu ya namna hiyo. Tumechagua kuwaeleza jambo moja tu, ambalo kwa macho laonekana dogo, lakini kwetu limekuwa neema kubwa katika kazi. Ni yale majuma mawili ya mafunzo tuliyoyafuata huko Kindu wakati wa likizo kubwa, sisi walimu wa kalasi ya kwanza na ya pili, ili tujue namna ya kuwafundisha watoto kusoma kwa Kiswahili kabla ya kuwapeleka katika Kifaransa.

Mafunzo hayo kwa desturi twayaita kwa jina la Kifaransa, « recyclage ». Ninyi wazazi mmelisikia jina hilo mara nyingi, kila tulipowaambia kwamba mwalimu fulani hayuko. Pengine mlijiuliza: mtu aliyekwisha kupata diplome, aliyefundisha miaka mingi, anakwenda kutafuta nini tena? Leo twataka kulijibu swali hilo, kwa sababu matunda ya safari ile ni mali yenu pia. Ni watoto wenu.

I. Lugha yetu na shule yetu

Jubile ni siku ya kukumbuka, basi tuanze na kumbukumbu.

Kiswahili hakikuzaliwa Maniema. Kilifika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliotoka Unguja na pwani, wakitafuta pembe za tembo na, kwa huzuni kubwa, watu wa kuuza. Livingstone alipofika Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, mwaka 1871, alikuta soko kubwa, na katika soko hilohilo akaona kwa macho yake watu wengi wakiuawa. Kwa hiyo lugha hii iliingia kwetu kwa njia ya machozi. Hata hivyo wazee wetu hawakuiacha mikononi mwa wale waliowatesa. Waliifanya yao. Warega, Wazimba, Wakusu, Wasongola na wengine waliitumia kusalimiana, kufanya soko, kuoana, na mwishoni kusali. Ndiyo lugha tunayoiita Kingwana.

Upande wa ziwa Tanganika, Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885, na katika misioni za huko Kiswahili kikawa lugha ya katekisimu. Katika inchi hiyo alitoka Padri Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, aliyepewa upadri huko Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza katika Wakongo wa nyakati hizi. Kisha mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Roma na serikali ya Kongo ya wakati ule yalikuwa yamekwisha kuweka shule katika kazi ya misioni. Makatekista wetu wa kwanza, waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, walikuwa walimu wa dini na walimu wa kusoma kwa wakati mmoja. Kitabu chao kilikuwa kimoja tu, nacho kiliandikwa katika lugha ambayo wasikilizaji waliielewa.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Katika miaka ya 1960 Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya masomo tangu kalasi ya kwanza. Mwaka 1974 wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi, wakaomba lugha za inchi zirudishiwe nafasi yao shuleni. Mwishoni mwa mwaka uleule serikali ilizichukua shule zote za makanisa. Kisha, kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, ikayarudishia makanisa kazi ya kuziongoza. Katiba ya mwaka 2006 imezitaja lugha nne za taifa, ndizo Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Na sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 imesema wazi kwamba lugha za taifa, au lugha za mahali watu wanapokaa, zitumike kufundishia, na zenyewe zifundishwe kama somo.

Sheria hiyo ni njema. Lakini mwalimu wa Maniema aliyejifunza kila kitu kwa Kifaransa, tangu herufi ya kwanza hata diplome, ataifuata namna gani, kama hakuna mtu aliyemwonyesha? Karatasi ya serikali haishiki chaki. Ndiyo sababu tuliitwa Kindu.

II. Somo la siku ya kwanza

Tulikuwa walimu wa shule mbalimbali: wa shule za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kiislamu na za serikali. Wengine walikuwa vijana waliotoka shuleni juzi. Wengine walikuwa wamebakiza miaka michache wapumzike. Tulikaa juu ya mabanki ya watoto, magoti yakigusa meza, kwa maana katika shule ile hakukuwa na viti vya watu wazima.

Siku ya kwanza mkaguzi aliyetuongoza hakutoa hotuba. Alimwomba mwenzetu mmoja, mwalimu Mwislamu wa upande wa Kasongo, aandike mstari mmoja ubaoni kwa herufi za Kiarabu. Kisha akatuamuru tuunakili katika madaftari yetu. Tulijaribu. Tulichora mikia na nukta bila kujua tuanze kushoto au kuume. Mkaguzi akausoma ule mstari kwa sauti ndogo sana, tusiyoisikia vema, akatuambia turudie pamoja naye. Tukarudia. Akauliza: « Mmesoma nini? » Hakuna aliyejibu, isipokuwa wenzetu Waislamu waliokuwa wakicheka polepole. Hapo mwandishi akatuambia maneno yale: « Mama anapika sombe. » Yalikuwa maneno ya Kiswahili, maneno ya nyumbani mwetu! Tulijua lugha, hatukujua herufi.

Baadaye mkaguzi aliandika mstari wa pili. Safari hii herufi zilikuwa hizi zetu za kila siku, lakini lugha ilikuwa ya mbali, lugha ya Ulaya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Alimwita mwalimu mmoja ausome. Yule mwalimu akausoma wote kwa sauti nzuri, bila kukwama sana, nasi tukapiga makofi. Mkaguzi akamwuliza tena: « Umesoma nini? » Akajibu: « Nimesoma, lakini sijui. » Tulijua herufi, hatukujua lugha.

Ndipo mkaguzi akatueleza. Kusoma ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja: kutambua alama zilizoandikwa, na kuelewa maneno yanayotoka katika alama hizo. Likikosekana moja, hakuna kusoma. Mtoto wa miaka sita anayeanza kwa Kifaransa, naye nyumbani hakisikii kamwe, anapewa mizigo yote miwili kwa siku moja: herufi asizozijua, za maneno asiyoyajua. Wachache hupanda mlima huo. Wengi hushika njia nyingine: hukariri. Hurudia ukurasa wote kwa moyo, kidole juu ya mstari wa tatu na mdomo katika mstari wa tano.

Kila mwalimu katika chumba kile aliwajua watoto wa namna hiyo. Tena aliwajua baada ya kuondoka kwao shuleni. Mtoto hurudia mwaka mara moja, mara mbili. Baba yake huchoka kununua madaftari. Msichana hubaki nyumbani kulea wadogo wake, na mvulana hufuata wenzake machimboni. Huko hupewa karatasi yenye uzito wa mawe aliyoyaleta, naye hawezi kujua kama kilo zilizoandikwa ni zake. Alikaa shuleni miaka mitatu au minne, akatoka hana Kifaransa, hana kusoma kwa Kiswahili. Hilo ndilo jambo lililokuwa mbele yetu kwa majuma yale mawili.

III. Mambo tuliyofundishwa

Hatuwezi kueleza yote. Tutataja manne.

La kwanza ni kwamba sikio hutangulia jicho. Kabla ya kuonyesha herufi, mwalimu awafundishe watoto kusikia vipande vya neno. Twachukua neno mawese, twalipigia makofi: ma-we-se, makofi matatu. Sombe: so-mbe, makofi mawili. Muhogo: mu-ho-go. Watoto hupenda sana kazi hiyo, nao huifanya hata njiani. Kisha twauliza: ni neno gani lingine linaloanza kama mawese? Mmoja asema mama, mwingine mayai, mwingine matako, na kalasi yote yacheka. Mkaguzi alituambia tusikatae kicheko hicho, kwa sababu jibu ni sahihi.

La pili ni utajiri wa Kiswahili chenyewe. Katika lugha yetu herufi za sauti ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja yasomwa vilevile popote ilipo. Tena karibu kila kipande cha neno huishia katika moja ya hizo tano. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kujua zile tano, akiongezewa herufi m peke yake, aweza kusoma mara moja: mama, mimi, mume, umeme. Mfikiri, wazazi wapenzi, furaha ya mtoto anayesoma neno zima katika majuma ya kwanza ya maisha yake ya shule, tena neno analolielewa. Hakuna haja ya fimbo hapo.

La tatu ni namna ya kuendesha somo: kwanza mwalimu hufanya peke yake, watoto wakitazama, kisha mwalimu na watoto hufanya pamoja, kisha watoto wawili wawili, mmoja akimsikiliza mwenzake, na mwishoni kila mtoto peke yake. Katika kalasi zetu ambamo watoto wamejaa, hasa tangu masomo ya shule ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa ya bure mwezi wa Septemba 2019, mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto kila siku. Lakini wakikaa wawili wawili, nusu ya kalasi yaweza kusoma kwa sauti kwa wakati mmoja, na nusu nyingine ikasikiliza. Makelele huongezeka, kweli. Mkubwa wa shule anayepita dirishani asifikiri kwamba mwalimu amelala.

La nne lilitugusa zaidi, nalo ni juu ya Kingwana cha watoto na Kiswahili cha vitabu. Kitabu chaandika maji. Mtoto asema mayi. Kitabu chaandika watoto; yeye asema batoto. Kitabu chaandika kitabu changu. Yeye asema kitabu yangu. Tufanye nini? Tulibishana siku nzima. Wengine walisema: tumsahihishe kila mara, kwa maana Kiswahili bora ndicho Kiswahili cha Kanisa na cha vitabu. Wengine wakasema: tumwache, hii ni lugha ya mama yake.

Mkaguzi alituongoza kutofautisha mambo mawili. Mtoto anayeona maji akasema mayi ameelewa neno. Amekuletea maana, amebakiza sauti moja. Mwalimu amwambie: « Vema. Nyumbani twasema mayi. Kitabuni wameandika maji. Tazama herufi hii, itoe sauti yake. » Lakini mtoto anayeona maji akasema mto, kwa sababu ameitazama picha tu, huyu hajasoma. Wa kwanza hupewa neno la pili juu ya lile alilo nalo. Wa pili hurudishwa kwa herufi kwa upole. Tukiwatendea wote wawili sawasawa, tukawaambia wote wawili « hapana », yule wa kwanza atafikiri kwamba lugha ya mama yake ni aibu, na kesho atanyamaza. Mara nyingine Kingwana humsaidia msomaji. Kitabu chaandika mtu. Mtoto asema mutu. Apige makofi: mu-tu, mawili, m-tu, mawili vilevile. Hesabu ya vipande haikubadilika, naye huielewa upesi ile m isiyofuatwa na herufi ya sauti.

IV. Maswali ya wazazi

Tuliporudi, wazazi wengi walituuliza maswali. Yalikuwa maswali mazuri, nasi twataka kuyajibu mbele ya wote.

Swali la kwanza: « Mtoto wangu anajua Kiswahili tangu tumboni. Nimempeleka shuleni apate Kifaransa. Mbona mnamrudisha nyuma? » Ndugu wapenzi, hatumfundishi kusema Kiswahili, twamfundisha kukisoma. Tena kusoma hufundishwa mara moja tu katika maisha. Aliyekwisha kuelewa kwamba alama zilizoandikwa zatoa sauti, na sauti zatoa maana, haanzi upya anapofika kwenye lugha ya pili. Hubaki kujifunza yale yaliyo tofauti, nayo twayafundisha moja moja. Herufi u ya Kiswahili, Kifaransa huiandika ou, kama katika mouton. Na u ya Kifaransa, kama katika lune, ni sauti ambayo Kiswahili hakina. Ch ya chakula si ch ya chat. Ile ya chat ni sh yetu. Katika jina la mji wa Kindu twasikia i na n. Lakini katika neno matin herufi hizo mbili zimekuwa sauti moja ya puani. Sauti ya o yaweza kuandikwa o, au, eau. Hata neno lire, ambalo maana yake ni kusoma, mtoto wetu ataliona kuwa na vipande viwili, li-re, kumbe kwa Kifaransa e ile ya mwisho hunyamaza. Mtoto anayejua Kiswahili chake kilichoandikwa aweza kulinganisha. Asiyekijua hana cha kulinganisha nacho.

Kwa hiyo hatukiachi Kifaransa. Tangu kalasi ya kwanza watoto hukisikia na kukisema kwa masalamu, kwa nyimbo, kwa majina ya vitu. Nacho kitachukua nafasi yake kubwa katika kalasi za juu. Kifaransa ni lugha ya serikali na ya mitihani, na hatutaki mtoto wa mkulima akikose. Twataka akifikie akiwa amekwisha kujua kusoma.

Swali la pili laja kutoka vijijini: « Kwetu nyumbani ni Kirega, ni Kizimba. Kiswahili ni cha soko na cha Misa. Mtoto wangu mnamsaidia nini? » Swali hili ni gumu kuliko lile la kwanza. Kwa watoto wa namna hiyo tulifundishwa kutoharakisha. Majuma ya kwanza yawe ya kusema na kusikia tu: hadithi, mafumbo, michezo, majina ya vitu vya kalasini. Mwalimu anayejua lugha ya kijiji aitumie kufafanua, wala asiogope. Kusoma kutafuata. Kiswahili kwa mtoto huyo si lugha ya mama, lakini ni lugha ya jirani. Ameisikia kanisani, ameisikia sokoni, na vipande vya maneno yake hufanana na vya lugha yake. Kutoka Kirega hata Kiswahili ni mwendo wa asubuhi moja. Kutoka Kirega hata Kifaransa ni safari ya siku nyingi.

Swali la tatu aliliuliza mzee mmoja mbele ya kanisa: « Je, jambo hili si la kigeni, limetoka kwa wenye fedha wa Ulaya? » Tukamjibu kwa mfano wa Mtakatifu Yohane Batista de La Salle. Alizaliwa Reims, katika Ufaransa, mwaka 1651, akafa mwaka 1719, na Papa Pio XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu wote mwaka 1950. Wakati wake, watoto wa Ufaransa walianza kusoma kwa Kilatini, lugha ambayo hakuna mama aliyeisema jikoni. Yeye aliagiza katika shule zake watoto waanze kwa Kifaransa, yaani lugha waliyoielewa. Aliwafikiria hasa watoto wa maskini, ambao wazazi wao huwatoa shuleni mapema ili wafanye kazi: kama wamejifunza Kilatini tu, watatoka na kitu wasichoweza kukitumia, kama wamejifunza lugha yao, watatoka wakijua kusoma. Naye alifungua nyumba ya kuwalea walimu wa vijijini, kwa kuwa aliona kwamba shule bila mwalimu aliyelelewa ni kuta tupu. Wapenzi, yale ambayo Kifaransa kilifanyiwa huko Reims, Kiswahili chaweza kufanyiwa huku Maniema.

Tena Kanisa letu lenyewe limepita njia hiyo. Tangu Mtaguso wa Vatikano wa Pili, kwa hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, mlango ulifunguliwa kwa lugha za watu, na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misa kwa desturi ya majimbo ya inchi yetu. Hakuna anayesema leo kwamba Mkristu anayesali kwa Kiswahili amerudishwa nyuma.

V. Matunda na upungufu

Sasa twaweza kusema ni faida gani tuliyoipata.

Faida ya kwanza ni kwa watoto. Mwishoni mwa mwaka uliofuata, wengi katika kalasi ya kwanza waliweza kusoma sentensi fupi ambazo hawakupata kuziona kabla. Hilo ndilo jaribio la kweli, kwa maana sentensi mpya haikaririwi. Hawakufika wote. Wako waliokosa shule kwa sababu ya malaria, au ya mvua, au ya mavuno ya mpunga, na wako ambao hata sasa twawatafutia njia. Lakini watoto wa nyuma sasa huinua mkono.

Faida ya pili ni kwetu wenyewe. Huko Kindu kila mmoja alitoa somo la mfano mbele ya wenzake, nao wakakaa kama watoto. Kwa mwalimu mwenye miaka ishirini ya kazi, kusimama mbele ya vijana wanaoandika kila neno lake si jambo jepesi. Tuliona mikono ikitetemeka na chaki ikianguka. Sheria yetu ilikuwa hii: kwanza kila msikilizaji aseme jambo moja lililomfaa, kisha aulize swali moja, bila kuhukumu. Wazee walitufundisha nyimbo na hadithi ambazo vijana hawakuzijua. Vijana waliwafundisha wazee kuchora haraka ubaoni na kutengeneza kadi za herufi kwa katoni za sabuni. Mwalimu hufanya kazi yake mlango umefungwa, bila mwenzake kumwona, na pengine hupita miaka mingi asisikie neno la kumtia moyo wala la kumwongoza. Huko tulisikia yote mawili.

Kwa sababu hiyo hatukukubali jambo liishie Kindu. Walimu wa shule jirani twakutana mara kwa mara siku ya posho, kila mkutano katika shule nyingine. Mmoja hufundisha, wengine hutazama, kisha twazungumza. Hatulipwi kitu. Mara nyingi twakula muhogo wa kuchoma na karanga, na mikutano hiyo imetupa nguvu katika miezi ambayo mshahara ulichelewa.

Upungufu nao tuuseme, kwa kuwa jubile si siku ya kuficha. Vitabu vya kusomea kwa Kiswahili ni vichache. Mara nyingi kitabu kimoja huzungukwa na watoto watano, na yule aliyekaa upande wa juu hujifunza kukisoma kichwa chini. Walimu hubadilishwa kalasi bila kuangalia ni nani aliyefuata mafunzo. Na kalasi zimejaa kupita kiasi.

VI. Maombi yetu

Tumalize kwa maombi matatu.

Kwenu, Mapadri na Masista: mtufungulie sanduku la parokia lenye karatasi. Masomo ya Injili ya siku ya Mungu, nyimbo, hadithi za watakatifu, matangazo ya ndoa, vyote hivyo vimeandikwa kwa Kiswahili. Karatasi iliyokwisha kutumika kanisani yaweza kuwa kitabu cha kusomea kalasini siku inayofuata. Nasi twaomba kila Shirika lichague msomaji mmoja kijana, ili watoto waone kwamba kusoma kwatumika nje ya shule pia.

Kwenu, wazazi: kila jioni, kabla ya sala, mwombeni mtoto awasomee mistari miwili. Hata kama ninyi hamjui kusoma, msikilizeni. Mtoto atasoma vizuri zaidi kwa mama anayemsikiliza kuliko kwa mwalimu aliye na wengine wengi wa kuwasikiliza. Tena msiwatoe wasichana shuleni kabla hawajajua kusoma.

Kwa wakubwa wa masomo walio hapa: mwalimu aliyefunzwa kwa kalasi ya kwanza aachwe katika kalasi ya kwanza. Kalasi hiyo isihesabiwe kuwa mahali pa kumpeleka mwalimu mdogo au aliyechoka. Msingi wa nyumba haupewi fundi wa mwisho.

Wazee walioanzisha parokia hii walikuja na kitabu kimoja, wakaketi chini na watu wetu, wakasoma pamoja nao katika lugha iliyoeleweka. Kazi hiyo twaiendeleza mbele ya ubao, tukiwa walimu na wanafunzi kwa wakati mmoja. Twaomba sala zenu, nasi twawaahidi zetu.

Mungu aibariki parokia yetu, awabariki watoto wetu wote, na awape pumziko walimu na makatekista waliotutangulia.

Tumsifu Yesu Kristu.